Maswali Yenu: Kutoza API kwa Malipo Madogo ya Kripto

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa watu wenye huduma ndogo za API (huduma ambazo programu nyingine huziita kupitia mtandao) wanaotaka kulipwa kwa kila ombi, bila usajili wa mwezi. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha.

SWALI: Ndugu wataalamu, nina API inayosahihisha anwani za posta. Nataka kutoza senti 0.2 ya dola kwa kila ombi. Nimeambiwa kwa kadi haiwezekani. Je, kripto itanitoa hapa?

JIBU: Tuanze na hesabu. Bei ya kawaida ya kukata kadi mtandaoni, mfano ile inayotangazwa na Stripe kwa wateja wa Marekani, ni asilimia 2.9 pamoja na senti 30. Kwa ombi la senti 0.2, hizo senti 30 peke yake ni mara 150 ya bei yako. Aliyekuambia haiwezekani amesema kweli.

Ila usidhani kripto inafuta tatizo hilo kwa sababu tu ni kripto. Muamala wa blokicheni (daftari la pamoja, au mnyororo, linaloandika malipo ya kripto) nao una ada, na ada hiyo haijali kama unatuma senti au milioni. Kwenye mnyororo mkuu wa Bitcoin, bloku moja (fungu la miamala) hutoka kwa wastani wa kila dakika 10, na nodi (kompyuta zinazoendesha mtandao) kwa kawaida hukataa kupitisha kiasi kidogo mno. Kwa anwani za mtindo wa zamani mpaka ni satoshi 546 (satoshi ni sehemu ndogo ya bitcoin). Kwenye Ethereum bloku hutoka kila sekunde 12, lakini mtandao ukijaa ada hupanda hadi kuimeza bei yako mara nyingi. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: pesa itahama mara ngapi kwa kila maombi elfu moja?

Jibu la kwanza, ambalo wengi hulipita kwa kuwa halina mbwembwe, ni salio la awali. Mteja anaweka dola 5 kwa muamala mmoja, wewe unamwandikia vipande 5,000,000 kwenye hifadhidata yako (kipande kimoja kikiwa sehemu ya milioni ya dola), na kila ombi linakata vipande 2,000. Hayo ni maombi 2,500 kwa muamala mmoja tu. Kama wateja wako unawajua na wanarudi kila siku, ishia hapa. Kwa dola 5 hata kadi inavumilika, maana ada ni kama asilimia 9.

Jambo moja la kuangalia kwenye salio ni namna ya kukata. Usisome salio kisha ukaandika salio jipya. Maombi mawili yakifika pamoja yote yatasoma kiasi kilekile na moja litapita bure. Kata kwa amri moja:

`UPDATE akaunti SET salio = salio - 2000 WHERE id = 71 AND salio >= 2000`

Halafu tazama idadi ya safu zilizobadilika. Ikiwa ni 1, hudumia. Ikiwa ni 0, rudisha msimbo 402, wa kudai malipo.

Kulipa ombi kwa ombi kuna faida ya kweli pale mnunuzi anapokuja bila akaunti: programu inayojiendesha, inayokutana na API yako kwa mara ya kwanza na huenda isirudi tena. Huyo hawezi kujaza fomu wala kusubiri barua pepe ya uthibitisho. Kwake kuna njia mbili zinazotumika sasa: Lightning (mtandao wa malipo ya haraka juu ya Bitcoin), na sarafu thabiti, yaani zinazofuata thamani ya dola, kama USDC kwenye mnyororo wa tabaka la pili (mnyororo wa ada nafuu unaoegemea mnyororo mkuu).

SWALI: Huo msimbo 402 unafanyaje kazi? Naomba mnieleze kinachopita kati ya mteja na seva, hatua moja moja.

JIBU: Msimbo 402, maana yake "malipo yanahitajika", umo kwenye kanuni za HTTP/1.1 (utaratibu wa mawasiliano ya wavuti) tangu 1997, lakini ulitengwa tu kwa matumizi ya baadaye na kwa miaka mingi haukuwa na utaratibu uliokubalika. Mwaka 2025 Coinbase walitoa utaratibu wa wazi unaoitwa x402, na ndio tutakaoueleza.

Mteja anaomba ukurasa wa API kama kawaida. Seva inakataa kwa 402 na kumpa masharti. Katika toleo la kwanza masharti hayo huja kwenye mwili wa jibu, hivi:

`"scheme": "exact", "network": "base", "maxAmountRequired": "2000", "payTo": "0x…", "maxTimeoutSeconds": 60`

Hiyo "2000" ndiyo senti 0.2 yako. USDC kwenye Base (mnyororo mmojawapo wa tabaka la pili) ina desimali 6, kwa hiyo dola moja ni vipande 1,000,000. Kumbuka imeandikwa kama maandishi, ndani ya alama za nukuu. Hilo limefanywa makusudi, na tutalirudia chini.

Mteja hatumi pesa. Anaandika hati ya idhini yenye mambo sita: anayetoa, anayepokea, kiasi, muda wa kuanza, muda wa mwisho, na nambari ya nasibu ya baiti 32 itakayotumika mara moja tu. Anaitia saini kwa ufunguo wake wa siri. Utaratibu wa hati hii ni EIP-3009, nao umo ndani ya mkataba wa USDC wenyewe, yaani programu inayoendesha sarafu hiyo kwenye blokicheni. Kisha anarudia ombi lilelile, safari hii akiambatisha hati kwenye heda (maelezo yanayotangulia ombi) ya X-PAYMENT.

Seva yako inaikagua hati, ama yenyewe ama kupitia mwezeshaji, yaani huduma ya pembeni yenye milango miwili: mmoja wa kukagua na mwingine wa kufunga malipo, yaani kuyakamilisha kwenye blokicheni. Mwezeshaji ndiye anayeipeleka hati kwenye blokicheni na kulipa ada ya muamala, hivyo mteja anaweza kuwa na USDC tu bila ETH (sarafu inayolipia ada hiyo) hata chembe. Malipo yakifungwa, unarudisha 200 (msimbo wa kufanikiwa) pamoja na heda yenye risiti ya muamala.

Angalia toleo unalotumia. Katika toleo la pili X-PAYMENT imegeuka PAYMENT-SIGNATURE, masharti yamehamia kwenye heda ya PAYMENT-REQUIRED, na mtandao "base" huandikwa "eip155:8453". Mteja wa toleo moja akikutana na seva ya toleo jingine, kinachoonekana ni 402 juu ya 402 bila maelezo. Ukiona hivyo, linganisha majina ya heda kabla ya kugusa kitu kingine.

SWALI: Kwenye mtandao wa majaribio kila kitu kilipita. Tulipohamia mtandao halisi, kila saini inakataliwa. Anwani ni sahihi na pesa zipo. Tatizo ni nini?

JIBU: Mara nyingi ni jina la sarafu. Saini ya EIP-3009 haitiwi kwenye hati peke yake. Inafungwa pamoja na jina la mkataba, toleo lake, anwani yake na nambari ya mnyororo. Kwenye Base ya majaribio mkataba wa USDC unajiita "USDC". Kwenye Base halisi unajiita "USD Coin". Msimbo uliobeba jina la kwanza kwenda mtandao wa pili hutoa saini iliyo halali kwa sarafu isiyokuwepo, na mkataba unaikataa. Usiliandike jina kwa mkono. Uulize mkataba wenyewe.

Cha pili ni nambari ya mnyororo: 84532 ni ya majaribio, 8453 ni ya kweli. Tarakimu moja ya mwisho, na jicho lililochoka halioni.

Cha tatu ni saa. Mkataba hulinganisha muda wa kuanza na muda wa mwisho na saa ya bloku. Kompyuta ya mteja ikiwa mbele kwa dakika mbili, na hati ikasema "halali kuanzia sasa", basi bado haijaanza kuwa halali. Ndiyo maana wateja walioandikwa vizuri hurudisha muda wa kuanza nyuma kwa kama sekunde 600. Nawe washa huduma ya kusawazisha saa kwenye seva.

Na desimali. USDC ina 6 kwenye Base na Ethereum, lakini ile inayozunguka BNB Chain kwa dhamana ya Binance ina 18. Ukihamisha "2000" kwenda huko bila kubadilisha, utakuwa unauza kwa bei ambayo hata sufuri zake hazihesabiki kirahisi. Kiasi chenye desimali 18 pia hakitoshi kwenye namba za kawaida za JavaScript, ambazo hupoteza usahihi zikivuka takriban 9 zikifuatwa na sufuri 15. Hapo ndipo ile "2000" ndani ya nukuu inapopata maana: maandishi hayakatwi. Yabadilishe kuwa BigInt (aina ya namba kubwa zisizopoteza usahihi) unapofanya hesabu, na desimali za kuelea usiziguse kabisa kwenye pesa.

SWALI: Tunakagua kila hati kabla ya kutoa jibu, lakini jioni tukilinganisha, malipo yaliyofika ni pungufu ya majibu tuliyotoa. Nani anatuibia?

JIBU: Huenda hakuna mwizi, na huenda yupo, mlango mmemwachia wazi vyovyote vile. Kukagua na kufunga malipo ni mambo mawili tofauti. Ukaguzi husema: saini ni sahihi, salio lipo, muda haujapita, nambari haijatumika. Yote hayo ni kweli kwa wakati huo tu. Kati ya ukaguzi na kufunga, mengi yanaweza kubadilika.

Mteja anaweza kupeleka hati moja kwenye seva zenu mbili kwa wakati mmoja. Zote mbili zinakagua, zote zinaona nambari haijatumika, zote zinatoa jibu. Blokicheni itakubali moja, ya pili itaanguka. Akiwa na maombi hamsini yanayokwenda sambamba, amepata majibu hamsini kwa bei ya moja. Au anaweza kutia saini hati kumi tofauti juu ya pochi yenye pesa ya hati moja tu: kila hati ikikaguliwa peke yake inaonekana safi. Au anahamisha salio mara tu baada ya ukaguzi.

Dawa ya tatizo la kwanza ni kuishikilia nambari kabla ya kukagua, ili asiitumie mwingine. Weka jozi ya anwani ya mlipaji na ile nambari ya baiti 32 kwenye ghala moja linalotumiwa na seva zote. Kwenye Redis (ghala la data la haraka) ni amri ya SET yenye NX, inayoandika pale tu ambapo nambari haijawekwa, na muda wa kuisha uwe mrefu kuliko muda wa mwisho wa hati. Aliyeshindwa kuweka, hati yake ikiwa bado haijafungwa, anarudishiwa kosa papo hapo. Ghala lazima liwe moja. Kumbukumbu ya ndani ya kila seva haisaidii kitu.

Kwa hayo mengine mawili, mna uamuzi wa kufanya. Mkifunga malipo kwanza kisha mkatoa jibu, hamtapoteza chochote, ila mteja atasubiri bloku. Kwenye Base bloku ni kila sekunde 2. Mkitoa jibu kwanza mkafunga baadaye, huduma ni ya kasi lakini mnabeba deni. Maoni yetu: jibu likiwa linawagharimu karibu sifuri, kama kusoma safu moja ya hifadhidata, toeni kwanza, lakini kila anwani iwe na kikomo cha deni ambalo halijafungwa, tuseme vipande 20,000, yaani maombi kumi ya bei ya senti 0.2. Hati ikianguka, anwani hiyo inahamia kundi la kufunga kwanza. Jibu likiwa linawagharimu fedha ya kweli, kama kuendesha modeli kubwa, fungeni kwanza bila mjadala.

Kuna hali moja inayofanana na wizi na si wizi. Kufunga kunaanguka kwa ujumbe kwamba idhini imeshatumika, lakini pesa imeingia. Hati ya EIP-3009 ya aina ya kawaida inaweza kupelekwa kwenye mkataba na mtu yeyote aliyeiona, na pesa itakwenda kwa mpokeaji aliyeandikwa tu. Mtu akiwatangulia, muamala wenu unaanguka ingawa mmeshalipwa. Kwa hiyo kabla ya kumfungia mteja, someni tukio la AuthorizationUsed la anwani na nambari hiyo, kisha muangalie uhamisho ulio ndani ya muamala huohuo.

SWALI: Wateja wanalalamika wamelipa mara mbili kwa ombi moja. Kumbukumbu zetu zinaonyesha kweli wamelipa mara mbili. Turudishe?

JIBU: Rudisheni, kisha zibeni. Kinachotokea ni kwamba programu ya mteja ina kikomo cha kusubiri, tuseme sekunde 5. Siku mtandao ukiwa mzito, kufunga malipo kunachukua sekunde 7. Mteja anakata tamaa, maktaba yake inarudia ombi, inapokea 402 mpya, inatia saini hati mpya yenye nambari mpya, na mnalipwa tena. Kwa mtazamo wa blokicheni hayo ni malipo mawili halali kabisa.

Mpeni mteja nafasi ya kutuma kitambulisho chake cha ombi, na mkihifadhi pamoja na jibu kwa dakika 10 hivi. Kikirudi kitambulisho kilekile kutoka anwani ileile, toeni jibu lililohifadhiwa bila kudai chochote. Vilevile hati ileile ikirudi baada ya kufungwa, msirudishe kosa tupu. Rudisheni jibu lake. Na mteja aambiwe kwenye nyaraka kwamba akikata kwa kuchelewa, arudie na hati ileile, asitie saini nyingine hadi muda wa mwisho wa ile ya kwanza upite.

Kuhusu kurudisha, msirejeshe senti 0.2 kwa muamala wa blokicheni. Muandikieni mteja salio.

SWALI: Kwa nini msituambie tu tutumie Lightning? Nimeweka nodi, nimefungua chaneli ya satoshi 1,000,000, lakini kila anayejaribu kunilipa anashindwa.

JIBU: Chaneli (njia ya malipo kati ya nodi mbili) uliyofungua mwenyewe ina pesa zote upande wako. Lightning huhamisha salio ndani ya chaneli kutoka upande mmoja kwenda mwingine; upande wa pili hauna kitu, kwa hiyo hawana cha kukusukumia. Unaweza kulipa, huwezi kupokea. Unahitaji nafasi ya kupokea: nunua chaneli kutoka kwa nodi kubwa inayofungua kuelekea kwako, au tumia sehemu ya satoshi zako nje ya chaneli ili upande wa pili ujae. Kumbuka pia akiba ya lazima, kwa kawaida asilimia 1 ya chaneli kwa kila upande, ambayo haitumiki.

Nafasi hiyo inaisha kadiri unavyolipwa. Kwa muuzaji wa API, anayepokea tu bila kulipa, kuihuisha ni gharama ya kudumu, na iingie kwenye bei.

Likishatatuliwa hilo, Lightning ni njia nzuri. Bitcoin moja ni satoshi 100,000,000; bitcoin ikiwa dola 100,000, satoshi moja ni senti 0.1, na ndani ya chaneli unaweza kushuka hadi sehemu ya elfu ya satoshi. Utaratibu wa L402 wa Lightning Labs unatumia 402 ileile. Seva inatoa ankara na tokeni (kibali cha kidijitali) iitwayo makaruni. Mteja akilipa ankara, anapata namba ya siri ya baiti 32 kama risiti. Anarudi na makaruni pamoja na siri hiyo, na seva inapiga hashi (alama ya kipekee inayokokotolewa) ya SHA-256 ya siri kuona kama inalingana na iliyofungwa ndani ya makaruni. Huhitaji hata kugusa hifadhidata.

Na hapo ndipo wengi hujikwaa: kwa kuwa hakuna hifadhidata, risiti moja inafungua mlango milele. Ongeza masharti ndani ya makaruni, kama muda wa kuisha au njia moja tu ya API. Ukitaka iwe ya ombi moja, huna budi kuhesabu matumizi kwenye ghala, kama tulivyoeleza juu. Ankara yenyewe ipe dakika moja au mbili, si saa nzima ambayo ni kawaida ya mfumo, maana bei ya bitcoin haitulii na mteja mjanja atasubiri ishuke ndipo alipe.

SWALI: API yetu hutunga maandishi. Hatujui gharama hadi kazi iishe. Tutoze vipi mapema?

JIBU: Tozeni kiwango cha juu mnachoweza kukifikia, na kinachobaki kiwe salio la mteja. Njia bora zaidi kwa mazungumzo marefu ni vocha zinazolimbikiza. Mteja anafunga dola 1 kwenye mkataba, kisha kila baada ya tokeni 500 za maandishi (hapa tokeni ni vipande vya maneno) anatia saini vocha mpya isemayo jumla hadi sasa: 0.01, halafu 0.02, halafu 0.03. Hizo si nyongeza, ni jumla. Mnabaki na ya mwisho tu. Mnaipeleka kwenye blokicheni mara moja mwisho wa kazi. Mteja akiacha kutia saini, mnaacha kutunga, na hasara yenu kubwa kabisa ni tokeni 500. Hakikisheni tu mnaipeleka vocha kabla muda wa mkataba haujampa mteja haki ya kuchukua amana yake.

SWALI: Seva yangu ikidukuliwa, pesa zote si zitakwenda?

JIBU: Si lazima. Kwa kupokea USDC, seva inahitaji anwani tu. Ufunguo wa siri ukae kwenye kifaa kisichogusa seva. Watu huuweka kwenye faili la mipangilio kwa mazoea, hautumiki, na siku ya tukio ndio unaoibwa. Lightning ni tofauti: nodi lazima iwe hewani na funguo zake. Iweke kwenye mashine nyingine, na seva ya API uipe makaruni ya ankara pekee (LND, programu ya nodi ya Lightning, huitengeneza yenyewe, faili ni invoice.macaroon), isiyoweza kutuma pesa. Mdukuzi wa seva anaweza kubadilisha anwani ya kupokea kwenye masharti ya 402, kwa hiyo weka kikagua-anwani kinachoita API kutoka nje kila dakika chache na kupiga kengele ikibadilika.

SWALI: Kwa amri ya curl naona masharti na risiti vizuri. Kwenye kivinjari, JavaScript haioni risiti. Halafu jana mtu asiyelipa amepata jibu kamili!

JIBU: Kivinjari huficha heda zisizo za kawaida kwa maombi ya kutoka tovuti nyingine. Zitaje kwenye Access-Control-Expose-Headers, na heda ya malipo ya mteja iruhusu kwenye Access-Control-Allow-Headers. Pia ombi la awali la OPTIONS, ambalo kivinjari hutuma kwanza kuomba ruhusa, lisidaiwe malipo; likirudishiwa 402 kivinjari kinasimama hapohapo.

Huyo wa jana amehudumiwa na kashe, yaani hifadhi ya muda ya majibu. Mtandao wa kusambaza maudhui ulihifadhi jibu la 200 la aliyelipa, kwa kuangalia anwani ya ukurasa tu, ukampa aliyefuata. Weka `Cache-Control: no-store` kwenye kila jibu la kulipia, futa kilichohifadhiwa, kisha jaribu mara mbili mfululizo: ya kwanza ukiwa umelipa, ya pili bila heda ya malipo. Ya pili ikirudisha chochote kisicho 402, bado kuna kashe nyingine njiani.